Naitwa Fisi

Jina langu ni Mbiti. Ukitoka Ukambani tayari umeelewa: mbiti ni fisi. Susu ndiye aliyenipa. Mama alikuwa amezika watoto wawili kabla yangu, na kwetu Tulia, mtoto anayefuata baada ya vifo anaweza kupewa jina ambalo hata kifo hakitalitamani. Nani ataiba fisi? Profesa John Mbiti, mwanatheolojia aliyezaliwa Mulango, hapo hapo Kitui, mwaka 1931, alibeba jina hilohilo.

Nairobi likageuka utani. Mji uliotupa Team Mafisi haukosi la kusema: "Mwenyekiti wa Mafisi Sacco amefika!" Nilicheka nao. Lakini ndani kulikuwa na kitu ambacho si utani. Akili yangu huamka usiku. Kwenye umati, harufu hunifikia kabla ya sura. Nikihuzunika, sauti inayotaka kutoka si kilio, ni mlio mrefu unaopanda mwishoni.

Nikiwa na miaka 22 nikawapata, kupitia Discord, watu wanaojiita theriani. Hawadai kuwa na mkia. Wanajua vizuri ni binadamu, ila wanahisi nafsi zao zina umbo la mnyama. Kando yao wapo mafari, wanaobuni wahusika wa wanyama, wakawachora na hata kushona mavazi yao. Wengi ni mbwa mwitu na mbweha. Sisi wa Kenya tulikutana Jumapili moja Uhuru Park, watu watano, soda na mahindi choma. Hakuna aliyenicheka.

"Wewe uliamka lini?" wakaniuliza. Ndilo swali lao la kwanza. Nikakosa jibu. Wao walimgundua mnyama wao peke yao, chumbani, kwa siri. Wangu nilipewa mchana, mbele ya ukoo mzima, na watu waliotaka nibaki hai.

Nikaanza kusoma. Tangu 1988, watafiti wakiongozwa na Kay Holekamp wamewafuatilia fisi wa Talek, kule Maasai Mara. Jike ndiye mkubwa. Mtoto hurithi cheo cha mamake. Kila mmoja ana mlio wake, wenzake wanamtambua kwa mbali. Chakula chao kingi wanawinda wenyewe. Na kundi lao, kwa lugha ya watafiti, linaitwa ukoo. Basi huyo mlafi wa matusi simjui. Huyu wa Talek namjua.

Nilimpigia susu nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo.

"Hao wenzako, nao walifiwa na ndugu zao?"

"Hapana, susu."

"Sasa ni nani aliyewapa majina?"

"Walijipa wenyewe."

"Aii. Hiyo ni kazi ngumu. Wasalimie sana."

Nikawafikishia salamu. Mmoja wao, ambaye kwao hakuna anayejua lolote, aliniandikia usiku: niulize kama susu anaweza kumpa jina pia. Desemba naenda Tulia. Nitauliza.