Kabla ya Tofali la Kwanza



Wengi mmeniuliza mbona michango yenu iko benki na kituo cha watoto wadogo hakijaanza kujengwa. Swali ni la haki. Tunao watoto wanaotufikia wakiwa na miaka 5, wanaelewa "njoo" na "kaa", lakini kujibu wanajibu Kiingereza. Mama yuko zamu, baba yuko zamu, na saa mbili za Jumamosi hazitoshi. Nami nataka kituo kifunguliwe haraka. Lakini mimi ni muuguzi, na wodini hatutoi dawa kabla ya kusoma karatasi ya mgonjwa.

Jengo nalo lina karatasi zake. Hapa England, tangu Septemba 2020, ofisi na kituo cha kulea watoto mchana vimo katika kundi moja la matumizi, kundi E. Kwa hiyo kuigeuza ile ofisi ya zamani kwa kawaida hakuhitaji kibali cha mipango cha halmashauri. Kuongeza chumba nyuma ni jambo jingine. Tena kuna idhini ya kanuni za ujenzi, ambayo ni kitu mbali: moto ukitokea watoto watatokaje, maji machafu yataelekea wapi, ukuta utabeba paa? Kupata kimoja si kupata kingine.

Halafu kuna usajili wa Ofsted. Watoto, shikeni kalamu. Kila mtoto wa chini ya miaka 2 anahitaji mita za mraba 3.5. Wa miaka 2 anahitaji 2.5, na wa miaka 3 hadi 5 anahitaji 2.3. Vyoo, jiko, stoo na korido havihesabiwi. Chumba chetu kikubwa kina mita za mraba 28. Gawanyeni: wachanga 8, au wakubwa 12. Sasa fundi akitujengea kabati la kuhifadhia vitu linalokula mita 2.5, wanabaki wachanga 7, au wakubwa 11. Kabati moja limemtoa mtoto mmoja nje.

Ndiyo maana tunasoma zabuni polepole. Tumepokea tatu. Ya bei ya chini imeandika "kutengeneza vyoo", basi, bila idadi. Ya pili imetaja vyoo vya watoto, mabeseni ya kunawia yenye kimo chao, na choo cha wakubwa peke yake. Ya tatu imeingiza kodi ya VAT ndani ya bei, zile nyingine hazikusema. Huwezi kujua ipi rahisi. Kwa hiyo kamati imeandika orodha moja ya kazi zote, na wakandarasi wote watatu wameombwa kuweka bei mbele ya kila mstari.

Wapo wanaosema tumpe kazi mwenzetu, kwa mdomo, kwa kuaminiana. Ninamheshimu, na ningefurahi kazi ikienda kwake. Lakini naye aandike. Karatasi si tusi. Itamlinda yeye siku tutakapomdai kitu ambacho hatukukubaliana, na itatulinda sisi tusije tukagombana na jirani tunayekutana naye kila harusi na kila msiba. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na mali hii ni ya watu waliofanya kazi za usiku.

Jumamosi ijayo, baada ya darasa, bei mpya zitakuwa mezani. Zimeandikwa Kiingereza, kwa hiyo wanafunzi wa darasa la juu watawasomea bibi na babu kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Kila mzazi aje na swali moja. Tukishaelewa sote, tutapiga kura.