Kobe wa Jego hahitaji friji

Leo tarakilishi ipumzike kidogo. Nimekuwa nikisoma jinsi Wamarekani wanavyowaandaa kobe wa bustanini kwa usingizi wa majira ya baridi. Kobe wao ana bawaba tumboni. Akitishwa hujifunga kama kasha. Kabla ya baridi humnyima chakula kwa wiki kadhaa, maana mwili ukipoa tumbo haliyeyushi kitu na chakula huozea ndani. Kisha humtafutia mahali penye nyuzijoto 5 hivi. Wengine humtia kwenye friji! Ugumu uko kusini mwa nchi yao, ambako baridi si kali: nyuzi 13 au 15 hazitoshi kuyeyusha chakula, lakini zinatosha kumaliza akiba ya mafuta mwilini.

Sasa njoo Jego, jirani na Vanga. Usiku wa Julai huku ni kama nyuzi 20, kwa hiyo friji isahau. Hata hivyo kobe wetu naye hulala. Yule wa jamii ya Kinixys, mwenye bawaba mgongoni upande wa nyuma, hujificha chini ya majani wakati wa ukame, Januari hadi Machi, akingoja masika. Anachokwepa ni kukaukiwa maji. (Waliochezea chipu ya ESP8266 wanaujua usingizi huo: maikroampia 20 tu, badala ya miliampia 70 na zaidi.)

Shida ni kwamba ndio wakati wa kuchoma mashamba. Kobe aliyelala hakimbii moto. Hata aliye macho, atafika wapi?

Kwetu yuko mmoja kando ya mkorosho. Hatumfugi, sheria ya wanyamapori ya 2013 inataka kibali, na banda la nini? Nilimwomba mjomba tusichome upande ule.

"Majani hayo ni nyumba ya nyoka," akasema, "na wewe unakaa Nairobi."

Ana haki, anayepita pale alfajiri ni yeye. Kilichomvuta ni mkorosho wenyewe, kwani moto huubabua. Tukakubaliana: lundo libaki, mbali na njia, lizungukwe na ukanda wa hatua tano uliolimwa mpaka udongo utupu. Kwingine tutapekua kwa fimbo kabla ya kuwasha.

Nilitaka pia kuzika kihisi cha DS18B20 nipime joto chini ya majani. Mjomba akauliza kitamsaidia nini kobe. Kihisi kiko mezani. Ukanda unaota nyasi tena, na Machi haiko mbali.