Baba yuko machimboni

Kwa miaka miwili na ushee mtoto amekuwa akiambiwa hivyo: baba yuko machimboni Nyarugusu, akipata atarudi. Katoro uongo huo hauna taabu, maana kina baba wengi hufuata dhahabu wakapotea miezi. Mama mwenyewe akienda gerezani kumwona mumewe, huaga kuwa anafuata mzigo wa dagaa.

Kisha akaja ofisa wa Magereza na mwenyekiti wa kitongoji, wakamkuta anapima dagaa.

"Mama, akitoka kwa parole mtampokea?"

Mume alifungwa miaka 6 kwa kumkata mwenzake panga, waligombania mawe ya dhahabu. Majirani waliposikia wakasema ni msamaha wa Rais. Siyo. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 inamtazama mfungwa wa miaka 4 na kuendelea, aliyekwisha kutumikia theluthi moja na mwenye nidhamu. Wa kunyongwa, wa maisha na wa unyang'anyi wa silaha hawamo. Faili hupita bodi ya mkoa, kisha ya Taifa. Na akitoka bado ni mfungwa: anamalizia kifungo nyumbani chini ya uangalizi, haondoki eneo lake bila ruhusa, akivunja masharti anarudishwa ndani.

Maana yake hakuna kukimbilia machimboni kutafuta pesa. Mama alipiga hesabu ya unga hapohapo, dagaa wale wale na tumbo moja zaidi. Lakini kilichomnyima usingizi si unga. Aliyekatwa anauza mitumba sokoni, meza chache tu kutoka kwake, na mkono wake wa kushoto haukunji vizuri mpaka leo.

Alimfuata asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Ofisa hakumtuma.

"Mimi na mimi wameniuliza, shemeji," yule bwana alisema, akiendelea kukung'uta shati. "Sikukataa. Ila asipite hapa kwangu anacheka na watu kama hakijatokea kitu."

Jioni alimpigia mwenyekiti simu, akasema watampokea. Alipogeuka, mtoto alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake.

"Mama, mfungwa ni nani?"

Aliweka ungo chini, akamvutia kigoda, akaanzia kwenye panga.