Nilihesabu Vijiko vya Uji

Baba yangu aliugua saratani ya umio, na mimi ndiye niliyemuuguza. Kuna jambo nililikosea, na nikilificha sitamsaidia mgonjwa mwingine aliyelala leo kama alivyolala yeye.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Ukanda unaoanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ukipitia Kenya, Tanzania na Malawi, una wagonjwa wengi wa saratani ya umio kuliko sehemu nyingi za dunia. Wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti. Baba naye alifika hivyo. Madaktari wakamwekea kijibomba cha kupanua njia ya chakula, na baada ya siku chache akameza uji bila kukwama. Tulimshukuru Mungu.

Ila hakula. Nilikuwa na daftari: asubuhi vijiko sita, mchana vinne, jioni viwili. Kila Jumamosi nilimpandisha kwenye mizani, na uzito ukishuka nilimgombeza: "Baba, njia imefunguka, sasa unakataa nini? Jikaze!" Akageukia ukutani.

Siku moja umeme ulikatika, nikachomoa betri za redio yake nikatia kwenye tochi. Zilikaa humo siku nne. Mzee huyu, ambaye tangu utoto wetu alitunyamazisha wote taarifa ya habari inapoanza, hakuziulizia. Nami nikaona afadhali, leo hana usumbufu.

Kisha akaja nyumbani muuguzi wa tiba shufaa. "Shikamoo, mzee." Akavuta kigoda, akakaa. Habari za uji hakuzigusa. Aliuliza, "Kwa wiki mbili hizi, kuna kitu gani bado unakipenda?" Baba alinyamaza muda mrefu, kisha akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata siku tuliyomzika mama.

"Nimekuwa mzigo," alisema. "Mwanangu ananihesabia vijiko. Mimi siku zangu nilishaacha kuzihesabu."

Barazani muuguzi alinieleza kwamba baba ana sonona. Kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi, kuchoka na kukonda ni dalili za saratani ya njia ya chakula, na ni dalili za sonona pia, ndiyo maana sonona hupita bila kuonekana. Ya kutazama zaidi ni kukata tamaa, kujiona huna thamani, na kuacha ulichokuwa ukikipenda. Yote matatu yalikuwa mbele ya macho yangu. Nilidhani ni ukaidi, na siku nyingine nilidhani ni upungufu wa imani. Sonona hutibiwa, kwa mazungumzo na kwa dawa, hata pale saratani yenyewe haiponi.

Baba alitibiwa. Vijiko havikuongezeka sana. Lakini jioni moja, wiki kadhaa baadaye, aliniita: "Mwanangu, redio hii mbona haina betri?" Nilikimbia dukani. Tangu siku hiyo hadi alipofariki tulisikiliza habari pamoja, nami daftari nililiweka kabatini.

Miezi iliyotangulia niliipoteza mimi, nikimgombeza mgonjwa kwa ugonjwa wa pili ambao sikuuliza habari zake.

Wewe unayeuguza, ukishamaliza kumlisha, kaa naye. Muulize moyo wake unaendeleaje, na akikujibu, mpelekee daktari jibu hilo kama unavyompelekea uzito wake.