Uzi wa Jirani

Nywele zangu ni nyembamba na laini tangu utotoni. Nikizichana hulala kichwani kama nyasi zilizokanyagwa. Hapa Gatete, penye michikichi tele, niliamini dawa yake ni mafuta ya mise. Nikayapaka kwa wingi miaka mingi, nazo zikazidi kulala. Kumbe mafuta mengi huulemea unywele mwembamba!

Arusi ya binti yangu ilipokaribia, niliona haya kusimama mbele ya wakwe na kichwa kile. Jirani alicheka: "Mama mwalimu, mafuta ni tone tu. Lete uzi."

Jioni alinikalisha mkekani, nywele zingali na unyevu, akazigawa mafungu, akalizungushia kila fungu uzi mweusi toka shinani hata nchani. Nilimsihi asikaze penye paji la uso, maana nywele za hapo zikivutwa mno hung'oka. Asubuhi, zilipokwisha kukauka, akazifumua. (Ajabu ya lugha yetu: tunafuma na kufumua, lakini zilizosukwa nazo twazifumua.) Zikasimama, zikajaa mkononi.

Arusini wifi yangu akaninong'oneza: nywele hizo nimezinunua duka gani? Nikamtolea mkobani uzi uliobaki.