Dira ya Mjomba

Siku ya kwanza hatukufika mbali. Tulitoka Ras Kisimani kwa daladala hadi Kilindoni, mjomba akigumia kila gari lilipoingia shimoni. Mgongo wake ndio uliotutoa nyumbani. Alichukua kikapu cha pweza wakavu na dira yake ya shaba, ingawa nilimwambia Dar hatuendi kwa ngalawa. Mimi nilikuwa sijavuka bahari maishani.

Alfajiri boti ya Nyamisati ilingoja maji yajae. Mjomba akaitazama dira, akamkosoa nahodha chinichini. Kisha mikoko ya Rufiji, basi, Kibiti, Mkuranga, na Mbagala yenye kelele kama mnada wa samaki usiofungwa.

Siku ya tatu, hospitalini, dada wa chumba cha mashine ya MRI alituamkia, akasema, "Babu, simu, mkanda, sarafu, vyote nje." Dira nikaiweka kwenye benchi la korido. Ncha ya kaskazini ikageukia ukuta wa kile chumba. Nikakizungusha kidude, ikaurudia ukuta uleule.

"Imerogwa," mjomba akanong'ona.

Dada akacheka. Sumaku ya humo ni tesla 1.5, karibu mara 30,000 ya ile ya dunia inayoivuta dira baharini.

"Na umeme ukikatika?" Kwetu hilo ndilo swali la kwanza.

"Picha zitasimama. Sumaku haizimiki."

Ndani, alisema, mna koili za waya wa niobiamu na titaniamu zilizozama katika heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo ukinzani wa umeme huisha kabisa, na mkondo ukishatiwa huzunguka miaka bila kusukumwa. Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aliliona jambo hilo kwenye zebaki mwaka 1911. Mimi baridi niijuayo ni kasha la barafu la wavuvi, nalo alasiri huwa maji.

Lakini hali hiyo ya kukosa ukinzani na sumaku ni wake wenza: yenyewe huifukuza sumaku, na sumaku ikizidi huivunja. Wanakaaje nyumba moja? Waya huu, akasema, huiachia sumaku ipenye kwa vinyuzi vyembamba. Kasoro ndogondogo za madini huvishika, kila moja kinyuzi chake, kama kigingi kishikavyo ngalawa wimbi likipita. Vikianza kusogea, ukinzani unarudi. Kumbe kasoro ndiyo inayouokoa waya! Fundi gani wa kwetu angeisifu mbao yenye vifundo?

Mjomba akaingizwa, mashine ikaanza kugonga, ko-ko-ko, kama mafundi wa kalafati. Mjomba alitoka baada ya nusu saa, kofia mkononi.

"Nani anajenga jahazi humo?"

Tulirudi na picha zake ndani ya bahasha kubwa. Boti ilipoiacha mikoko ya Nyamisati, aliifungua dira kiganjani, akaishika karibu na dira ya nahodha, akazitazama zote mbili kwa muda mrefu. Ziliafikiana. Hata hivyo hakuirudisha mfukoni mpaka tulipoiona Kilindoni.