Kisu Kimoja Kizuri Kwenye Vyombo vya Bi Harusi



Sisi mafundi cherehani wa huku Uwemba, Njombe, tukimpima bi harusi gauni, maongezi hufika kwenye vyombo. Sufuria za seti zipo, hotipoti zipo, vikombe vipo. Kisu? Chochote cha sokoni. Na hicho ndicho atakachoshika kila siku, kwenye viazi, kabichi na vitunguu vya nyumba nzima.

Ushauri wetu: nunua kimoja kizuri, uache seti ya visu saba. Cha kuanzia ni santoku, kisu cha Kijapani cha nyama, samaki na mboga. Urefu wa bapa sentimita 16 hadi 18 unatosha. Chagua chuma kisichoshika kutu upesi, maana chuma cha kaboni kinakata vizuri sana, lakini kwa ukungu wa huku, ukikiacha na maji kidogo tu, kutu hiyo. Mawimbi yaliyochorwa kwenye bapa yasikudanganye, mengine ni urembo tu. Shika mpini: usicheze, wala mkono usichoke.

Chuma cha visu hivi ni kigumu na makali yake ni membamba. Ndiyo maana vinakata laini, na ndiyo maana vinameguka vikigonga mfupa, nyama iliyoganda au kifuu cha nazi. Ni kama mkasi wetu wa kitambaa: haukati karatasi.

Katia kwenye ubao wa mbao, si kwenye sahani wala kioo. Osha kwa mkono, futa papo hapo, usikilaze kwenye beseni la vyombo. Kihifadhi kikiwa kikavu, kwenye ala ya jinzi nzito yenye kadibodi ndani. Ukiwa na cherehani unaishona mwenyewe. Kikianza kuteleza kwenye ngozi ya nyanya, kinoe kwa kinoo namba 1000 kilicholowa, ukiinua mgongo wa kisu kadiri ya upana wa kidole kidogo, pande zote mbili sawasawa.

Mtihani uko ukweni. Siku ya Idi wifi atakiomba akatie mifupa. Usikifiche, usinune. Weka panga dogo karibu, useme, "Wifi, chukua hili, la mifupa ndilo hili." Kisha vinoe na visu vya mama mkwe. Kisu butu kinamchosha mama, na kinateleza kikamkata. Ukimnolea, hatakuona mchoyo wa kisu chako.

Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba anayechinja anoe kisu chake, amwondolee mnyama taabu. Ikiwa mnyama ana haki hiyo, mikono ya mama zetu jikoni je?

Allah azijaalie nyumba zenu mapenzi na huruma. Amin.